Kalenda ya juu ya cherehani

Shoga, hasira zimenikaba. Nimetoka na dada kwa daktari wa mishipa ya fahamu sasa hivi.

Unazijua zile homa zake za tangu utotoni, kinga ya mwili kujiwashia moto yenyewe bila kidudu chochote. Sasa kinga hiyohiyo inamtafuna na mishipa, jicho linafifia.

Kabandua kalenda yake ya juu ya cherehani, kaiweka mezani kwa daktari. Kila homa kaizungushia duara, na siku nne mbele, kaandika jicho. Mwaka mzima.

Yule bwana hakuifunua. Hakuifunua, shoga. "Homa si idara yangu."

Halafu ananiuliza mimi, na dada kakaa palepale: "Huyu ana historia ya wasiwasi?"

Dada akamjibu mwenyewe: "Andika wasiwasi umeanza leo, saa nne na robo, ofisini kwako."