Kungwi na Ndege ya Wareno

Mume wangu mdogo Hamisi,

Huku Chiola tu wazima. Mikorosho imechanua, na babu yako bado anapiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe.

Unasema huko Bangkok, ulikopeleka mawe ya vito ya Ruangwa kuuza, wanajeshi wameshika nchi, vifaru viko barabarani, na jirani yako anaozesha binti kama kawaida, tena kakualika. Unauliza kama ana akili timamu.

Wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, sitakiwi kuonwa na mwanamume. Siku moja tukasikia ndege ya Wareno. Kungwi aliyekuwa akitufunda akatukimbiza hadi kwenye handaki, akakuta wanaume wameshalijaza.

"Tokeni. Mwali haonwi."

"Mama, hiyo ni ndege ya vita," akasema mgambo mmoja.

"Nimeisikia. Toka, geukia mkorosho."

Wakatoka wote, wakasimama juani, migongo kwetu. Ndege ikapita, ikapotea kabisa. Yule mgambo akauliza kwa adabu, "Mama, tugeuke?"

"Bado."

Basi usimwone jirani yako mwendawazimu. Nenda ukale harusi.

Yule mgambo anakusalimu. Amesimama hapa mlangoni, anangoja nimwambie apite.

Bibi yako