Likizo ya Kumwachisha Ziwa

Kibuta, Kisarawe
3 Januari 1979

Mpenzi Baba Genoveva,

Pokea salamu zetu huko Tanga. Sisi wazima, na mihogo imeshika vizuri.

Barua yako nimeisoma. Unataka nisirudi kwenye chuo cha ushonaji Kibaha mpaka Genoveva akue. Lakini muhula uliopita nilishona naye mgongoni, akilia nakosa somo. Kwa hiyo likizo hii nimeitumia kumwachisha ziwa, ili abaki na mama yako.

Nilipojipaka shubiri kwenye chuchu, mama yako alinicheka: "Wee Laurentia, kwani chuo kina miguu? Si kitakungoja!"

Nikamwambia, "Mama, mwenye miguu ni mimi."

Siku tatu mtoto alinililia, na kifua kikanivimba hadi homa. Sikukwambia mapema, ungenikataza. Jana asubuhi nilimpa uji, akageuza uso. Akaupokea kwa bibi yake, akamaliza bakuli. Nililia kidogo nyuma ya jiko, kisha nikapanga nguo zangu sandukuni.

Jumatatu naondoka. Usinikasirikie, mume wangu. Mwandikie mama umshukuru, na barua ya kunijibu uitume kwa anwani ya chuo.

Mimi wako nikupendaye,
Laurentia