Kipa Hakudaka Mechi ya Mwisho

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu zako zilitufika. Watoto hawajambo, na yule mdogo kaanza kuota meno, anatafuna kila kitu.

Najua umesikia redioni kwamba timu ya mdogo wako imeshuka daraja. Wanasema kocha alimweka benchi kipa wake bora kwa ukaidi. Wanamwonea kocha huyo. Mimi ndiye niliyemwendea.

Tangu mume wangu agongwe kwa goti usoni katikati ya msimu, jicho lake la kushoto halioni vizuri. Daktari alituonya: "Mpira ukimpiga hapo, jicho limekwenda." Akaniapisha nisimwambie mtu. Kila mechi nilisimama nyuma ya goli nikiomba mashuti yaende kulia.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu wabaki ligi kuu. Asubuhi ya siku hiyo mume wangu alimimina chai nje ya kikombe, akapangusa meza, akafunga begi lake. Nikamtangulia uwanjani, nikamwambia kocha yote.

Kipa wa akiba alifungwa tatu bila.

Tangu siku hiyo mume wangu amelala kaupa ukuta uso, chakula hagusi. Jana ndipo aliponiuliza, "Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Bora ungeniacha nipofukie golini."

Shemeji, wewe ndiye uliyemlea. Njoo, hata kama ni kumgombeza, njoo! Daktari anasema jicho litapona. Ila mimi hanitazami.

Ni mimi, mke wa mdogo wako, kama bado ananihesabu hivyo.