Kovu la Odyek

Lailah, ni mimi Alal. Natumia simu ya Shangazi. Nimeaibika leo.

Unaikumbuka picha niliyompiga Odyek kambini Naguru, ile iliyotikisika? Ndiyo picha pekee ya kaka yangu tuliyo nayo. Niliipeleka studio Kalerwe waitoe ukungu, tuiweke juu ya jeneza. Asubuhi nikaichukua ikiwa kwenye fremu, imefungwa gazeti. Sikuifungua. Sikuifungua, Lailah!

Nimeifungua mbele ya waombolezaji. Safi kabisa, hata kope unaweza kuzihesabu. Shangazi akasema kwa sauti, "Kumbe Odyek wetu alikuwa mzuri hivi!"

Mama aliisogelea. Akapitisha kidole kwenye kioo, juu ya jicho la kushoto, akilitafuta lile kovu la Odyek. Akalitafuta tena. Kisha akaniuliza, "Alal, huyu tunayemzika ni mtoto wa nani?"

Mbele ya watu wote. Mtoto wa nani!

Nimempigia yule wa studio. Hata pole hakusema. "Nyabo, dada yangu, pale hapakuwa na uso, palikuwa na ukungu tu. Kompyuta imejaza yenyewe. Si ulitaka ionekane vizuri?"

Nilitaka, ndiyo. Na mkono uliotikisika ulikuwa wangu. Odyek alikuwa ananichekesha.

Fremu nimeigeuzia ukutani. Simu yangu anayo Mama. Anaitazama ile picha yenye ukungu, na kila skrini ikizima ananiletea niiwashe.