Maswali Matatu Kabla ya Kufuta

Mtani wangu Salum,

Shikamoo. Ulinizidi miaka mitatu, na muda wote tuliokaa pamoja chumba cha seva hapa chuoni ulinidai salamu hiyo kila asubuhi. Nami kila asubuhi nilikujibu kwamba Msukuma hamwamkii Mluguru. Leo nakuamkia bila kudaiwa. Ujue nimeharibu.

Nianzie mwanzo, maana ulichukia mtu anayeanzia katikati.

Tulikuzika Mgeta, mvua ikinyesha. Nilitimiza utani: nilikaa ukingoni mwa kaburi nikasema huzikwi mpaka nipewe jogoo, kwa kuwa umeondoka na koti langu. Dada yako alicheka huku analia. Jogoo nilipewa. Kwenye arobaini, mpwa wako Ramadhani akarithi jina lako kwa desturi yenu ya upande wa mama, na mbele ya watu wote akaniuliza, "Mjomba Masanja, yale maneno ya bibi yapo?" Nikamwambia yapo kwenye mashine, chini ya jina la mjomba wako, shuka mjini nitakupa. Nilisema kwa sauti kubwa, unavyonijua.

Maneno ya bibi. Miaka yote ile uliyopanda mlima kumkalisha mama yako jikoni, ukiandika Kiluguru chake neno kwa neno na kuirekodi sauti yake, hata alipokuwa hawezi tena kuinuka. Naye ametangulia. Hakuna wa kumuuliza tena.

Sasa sikiliza. Wakubwa waliamua kuziondoa amri zako. Zile tatu ulizotunga mwenyewe, tulizokuwa tukiziandika kwenye dirisha jeusi la kompyuta: ya kumwingiza mtu kwenye mfumo, ya kumfungia, na ya kumwondoa. Walisema zimezeeka, inakuja zana moja ya kisasa itakayofanya yote. Kisasa. Mtanzania akishindwa kueleza anachovunja, husema analeta kitu cha kisasa. Nilisimama kikaoni nikawaambia hivyo, wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba maoni yamepokelewa.

Ile amri yako ya kuondoa ilikuwa inauliza. Yu hai? Nani atarithi kazi zake? Nani kakutuma? Nilikucheka nayo miaka. Nilikuuliza hii ni amri ya kompyuta au ni mjumbe wa nyumba kumi. Ukanijibu bila kuinua macho, "Masanja, kumfuta mtu ni rahisi mno. Ndiyo maana lazima uulizwe." Na ukijibu kwamba amekufa, ilikataa kabisa kumfuta. Iliifunga akaunti yake, na namba yake ikawekwa kando, asipewe mwingine milele. Ulinifundisha kwamba mashine haijui majina yetu, inajua namba tu, na kila faili ni mali ya namba. Nikasema Waluguru mmeingiza ukoo mpaka kwenye kompyuta. Ukasema, "Na nyinyi mmeingiza ng'ombe wapi?"

Zana mpya haiulizi. Nilipewa orodha ya akaunti zisizotumika niziondoe kwa zana hiyohiyo. Nilikuwa na hasira ya kikao, na hasira haisomi. Nilipitisha orodha nzima kwa mkupuo mmoja, kwa dharau, kama mtu anayemwaga maji machafu. Jina lako lilikuwemo. Faili zako zilibaki, lakini hazikuwa na mwenyewe.

Wiki ileile akaandikishwa mhadhiri mpya, Neema, dada mpole anayekaa Mazimbu. Zana ikampa namba ya kwanza iliyokuwa wazi. Yako. Kwa hiyo mashine ikaamini kila ulichowahi kuandika ni chake, na siku yake ya kwanza ikamwambia nafasi yake ya kuhifadhi faili imejaa. Akanipigia simu. "Shikamoo kaka, naona mafaili mengi hapa, siyajui." Unajua nilikuwa nafanya nini, Salum? Nilikuwa naandika makala ya gazeti. Kukutetea. Aya ya tatu, mahali penye moto, sikutaka kukatishwa. Nikamwambia, "Futa chochote usichokitambua," nikakata simu.

Akafuta. Angefanyaje? Hakitambui Kiluguru.

Nakala za akiba zilikuwa zikichukuliwa na amri nyingine yako, nayo ilikuwa imeshaondolewa pamoja na hizo tatu. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba imenyamaza, na nakala za zamani zilikuwa zimeshafutika zilipofika muda wake. Hata mimi, bingwa wa kugundua makosa ya watu. Nimekaa na mashine ile siku kumi na mbili nikijaribu kuokota kitu. Nimepata vipande vya sauti, sekunde mbili tatu, kikohozi cha mama yako na sufuria ikiwekwa chini.

Ramadhani alishuka Jumatatu na mfuko wa matunda ya fyulisi na daftari jipya. Nilimweleza yote, pamoja na simu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Hata moja, mjomba?" Nikajitahidi. Nilikumbuka ulivyonieleza kwamba mama yako alikuwa na neno la ukungu unaopanda kutoka bondeni, na neno jingine la ukungu unaokaa juu ya maharage mpaka mchana. Maana ninazo zote mbili. Maneno yenyewe sina. Akafunga daftari, akaniachia fyulisi.

Makala yangu ilitoka. Watu wanasema ni kali. Sijaifungua.

Sina cha kukuahidi kinachofaa. Ningekuahidi nitayarudisha, ungenicheka. Nitapanda Mgeta Ijumaa nimwambie dada yako kwa mdomo wangu, nikiwa na jogoo wangu mkononi, na nikiambiwa niondoke nitaondoka. Namba yako nimeichukua tena kwa Neema. Iko kando, haina jina, haina kitu ndani, na mradi niko hapa hapewi mtu.

Yu hai? Hapana.
Nani atarithi kazi zake? Ramadhani, na hakuna cha kurithi.
Nani kakutuma? Hakuna. Nilifanya mwenyewe.

Lala salama, mtani. Koti baki nalo.

Masanja