Televisheni Inayozima Saa Moja na Nusu

Rau, Moshi

Apolonia,

Funga mdomo wako! Neno nililokunong'oneza kwa simu Jumapili, siku ya soko liko Sanya Juu, mpaka wauza vitunguu wanajua kwamba mke wa Deo anamzimia mama mkwe wake televisheni kwa rimoti ya siri. Nani kawaambia kama si wewe? Mdomo wako ni kama mfereji wetu, ukifunguliwa kule juu kila shamba linapata.

Soma hii polepole, na usimsomee mtu. Simu sipigi tena, kwa sababu unaiweka sauti ya nje wanasikia hadi wapita njia. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mimi wa darasa la nne, vidole vinaniuma, naandika.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Kifua cha shemeji kimepoa? Ng'ombe wangu anakula majani au unamtupia migomba mikavu tu? Mimi goti ni lile lile. Huku bondeni kwa Deo ni joto na mbu, lakini nimekuja kutibiwa, sikuja kustarehe.

Sasa sikiliza. Ile habari niliyokupa ni ya uongo. Sikujua kama ni ya uongo nilipoisema, lakini ni ya uongo, na aliyeitunga ni mimi.

Unajua Deo kabla hajaondoka na lori kwenda Kongo alininunulia televisheni, hizi za sasa, bapa, hazina kisogo. Siku ya kwanza nilichungulia nyuma nikaona ukuta. Kile kitambaa changu cha kufuma nilichokuwa natandika juu ya ile ya zamani hakikai, kinateleza. Rimoti nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi, nikawa naitia kwenye mfuko wa sweta. Nikasema hii asiguse mtu, mwanangu amenunua kwa jasho lake.

Ikaanza kuzima. Mimi naangalia tamthilia, saa moja na nusu jioni, mke wa Deo anaingia na chakula, paa! Giza. Nikiiwasha inawaka. Kesho yake tena, anaingia na sinia, paa! Nikaangalia plagi. Nikageuza antena. Nikabadilisha betri za rimoti. Umeme haujaisha, taa zinawaka. Kweli yalikuwa yanatokea maneno ya Kizungu pembeni kabla haijazima, nikadhani ni matangazo. Mke wa Deo akaniambia, "Mama, nipe hiyo rimoti niangalie." Nikamjibu, "Uiangalie umeona ina jipu?" Moyoni nikasema, huyu anabania umeme, ana rimoti nyingine kaificha kwenye khanga. Ndipo nikakupigia.

Lakini kuna kitu sikukuambia. Jumamosi niliwaita wanawake wa Jumuiya ya kanisani, watano, waje waone televisheni ya mwanangu. Usiniulize kwa nini. Nilitaka waione, basi. Wamekaa, wanasifu, "Mama Deo, wewe umebarikiwa, mtu anaonekana mpaka vinyweleo." Saa moja na nusu mke wa Deo akaingia na sinia la mtori wa ndizi. Paa!

Nikasimama na goti langu bovu. Nikamwambia, "Leo nimekukamata. Weka sinia chini. Kung'uta khanga!"

Akasema, "Mama?"

"Kung'uta, nimesema. Waone!"

Apolonia, akakung'uta. Mbele ya watu watano, mtu mzima, mama wa mtoto. Kikaanguka kitu sakafuni, nami nikapiga kelele, "Hicho!" Kilikuwa kile kichupa cha dawa ya kuchua goti langu. Kumbe kila jioni anakifunga kwenye khanga kiunoni akiwa jikoni, kipate joto, kwa sababu niliwahi kulalamika kwamba dawa ya baridi inanishtua. Akakiokota, akakifuta, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, utakula kwanza au nikuchue kwanza?"

Hakuna aliyekunywa mtori vizuri. Walishukuru, wakaaga, wakatoka mmoja mmoja kama wanatoka msibani.

Na mimi? Ungedhani nililala nimetubu. Sikutubu. Nilisema moyoni, ameificha kwingine, na kesho yake nikakupigia wewe. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, kwa sababu kichupa nilikuwa nimeshakiona.

Jumatatu mke wa Deo hakuingia sebuleni kabisa. Alimtuma mtoto na sahani yangu mapema, yeye akala jikoni. Nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa peke yangu. Saa moja na nusu, paa! Nilitazama huku na huku. Tulikuwa mimi na picha ya Bikira Maria.

Asubuhi nikaita fundi. Akabonyeza bonyeza, akanigeukia. "Bibi, hii ni nzima. Imeamriwa izime saa moja na nusu jioni kila siku."

"Imeamriwa na nani?"

"Nani anashika rimoti?"

Nikautazama mfuko wa nailoni uliobaki mkononi mwangu.

Akanionyesha. Kwenye rimoti kuna kitufe chenye picha ya saa. Nikakumbuka. Wiki ya kwanza saa ya ukutani iliishiwa betri, nikaona picha ya saa pale, nikasema kumbe na hii ina saa. Nikabonyeza, zikaja namba, nikaona haziko sawa. Ilikuwa mchana baada ya kula, redio ya jirani imetangaza saa saba na nusu. Nikazirekebisha zikawa saba na nusu, nikabonyeza mpaka zikakubali, nikajisifu kwamba bila kuitwa mtu nimeweka saa.

Fundi akasema, "Hii haikuwa saa, Bibi. Hapa ndipo unapoiambia wakati wa kuzima. Na yenyewe haijui saa zetu. Uliandika saba na nusu, ikasoma saba na nusu za Kizungu, za jioni. Ndiyo saa moja na nusu yetu."

Mke wa Deo alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alisikia yote. Angecheka ningepona. Hakucheka. Alirudi kwenye sufuria yake.

Sasa mama yake ndiye yule anayeuza vitunguu pale Sanya Juu, karibu na wewe unapokunywa chai na kuropoka. Amesikia mtoto wake anaitwa mwizi wa picha za televisheni. Ameagiza arudi. Jana nimeona begi limeteremshwa kabatini. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?"

"Mama ananiita Jumamosi. Nitakupikia cha siku mbili."

"Na baada ya siku mbili?"

Alimimina dawa, akanichua goti. Deo hajui chochote. Mke wake hajamwambia hata neno, na mimi nikishika simu nimwambie naishia kumuuliza habari za barabara.

Mdomo tu hautoshi hapa. Nimejaribu kusema "samahani" jikoni, ikatoka kama naomba chumvi. Nataka isale, lile jani la kuombea msamaha, ukishikiwa huwezi kukataa. Najua utasema, tangu lini mama mkwe akamshikia mkwe wake isale? Tangu leo. Huku Rau yapo kwenye makopo ya maua, yanauzwa, lakini la kununua halinifai. Nalitaka la mpakani, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloniachia marehemu mume wangu, pale tulipompokea mkwe wangu siku Deo alipomleta nyumbani. Nitalifunga fundo, nilishike mbele yake na mbele ya wale wanawake watano wa Jumuiya, nitawaita tena. Walioona nikikosea waone na hili.

Msalimie shemeji, mwambie asivute tumbaku ndiyo kifua kitapona. Wasalimie wakwe zako wote wawili. Shangazi yetu mzee mpe maziwa ya ng'ombe wangu, na usimpe yaliyochanganywa maji, nitajua.

Barua hii anakuletea katekista, nimemlisha kiapo asiifungue. Ukimaliza kusoma uitie motoni. Usingoje siku ya soko nyingine, wauza vitunguu wapo kila siku: nenda kasimame palepale ulipokaa, useme kwa sauti ileile, wauza vitunguu wote wasikie: dada yangu ndiye aliyeizima mwenyewe. Mama wa mkwe wangu mpe mkono. Kisha uteremke huku kabla ya Jumamosi, wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama Deo.

Kata masale mawili. La pili ni lako.