Seli Haijengi Wakati wa Njaa

Lionja, Jumatano

Eti mwalimu wa baiolojia ni mimi! Nusu kipindi nimehangaika kuwaeleza Kidato cha Tatu kwamba seli hupima nishati yake yenyewe; ikiona imepungua, husimamisha ujenzi wote na kuchoma akiba. Wananitazama tu.

Ndipo Zuhura, yule wa Marambo, akasema, "Kwani si kama sisi mwezi wa pili, chakula kikipungua, mwalimu? Hakuna anayejenga nyumba wala kumcheza mwali. Watu wanaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, mpaka wavune."

Darasa zima likaelewa. Nikaudhika kidogo, kusema kweli.

"Na akiba ikiisha?" akauliza.

"Seli inaanza kujila yenyewe. Inaanza na vilivyochakaa."

Nayasema hayo, barua ya kuitwa chuoni iko mkobani. Mwaka wa tatu huu naahirisha masomo, kwa sababu mama hawezi kuinuka kitandani bila mimi. Nampenda. Nimechoka pia, na hilo sijamwambia mtu.

Jioni nikimnywesha uji akaniuliza, "Mwanangu, masomoni utaenda lini?"

"Tukishavuna, mama."

Mwaka huu hatukulima.